Korosho za saa nne: kwanini mtoto huyu anaonewa na yule haonewi

Msimu wa korosho uliopita mama alitutumia kifurushi kutoka Tandahimba, korosho za kuchoma na kubangua nyumbani, zile ambazo ukizishika vidole vinabaki vyeusi. Kilo tano hivi. Mtoto wa dada yangu ninayekaa naye hapa Mtwara mjini, yuko darasa la sita, akawa kila asubuhi anajaza kikopo cha siagi anatia kwenye begi, na mimi moyoni nafurahi, nasema angalau dogo anatafuna kitu saa nne maana hela ya kumpa kila siku sina. Wiki mbili mzigo umeisha. Jioni moja nipo uani namsikia anaongea na bibi yake kwa simu yangu, "Bibi tuma zingine, tuma nyingi, tuma hata zilizoungua," na hiyo "hata zilizoungua" ndo ilinishtua, maana mtoto anayetaka kula korosho haombi zilizoungua.

Kumbe ulikuwa ushuru. Kuna kiranja wa darasa la saba na mwenzake, na utaratibu ulikuwa hivi: ukileta korosho jina lako haliingii kwenye karatasi ya wapiga kelele, dumu lako la maji halipotei, na njiani wakati wa kurudi hakuna anayekugusa. Usipoleta, utajua mwenyewe. Kabla ya msimu ilikuwa shilingi 200, ile hela yake ya andazi.

Nilichofanya siku ya kwanza kilikuwa kosa na nakisema wazi kwa sababu najua wengi wetu ndo tunachofanyaga. Nilimwambia, "Mjomba, wewe ni mwanaume, akikugusa na wewe mguse." Akamgusa. Alirudi shati halina kifungo hata kimoja na mdomo umevimba, na kesho yake ushuru ukapanda. Tangu hapo nimekuwa nasoma sana hiki kitu, naongea na walimu ninaowafahamu hapa na kule Masasi na Nachingwea, nauliza watoto wenyewe, kwa sababu nilikuwa na swali moja tu linaninyima usingizi: darasa lina watoto 80 na kitu, kwanini yeye?

Mtaani ukiuliza utapewa majibu mawili. Kwamba yule mwonevu kwao hakulelewa, na huyu anayeonewa ni legelege. Yote mawili yana ukweli kidogo ndani yake, ndo maana hayafi, lakini yanaacha nje sehemu kubwa ya jambo lenyewe na hiyo sehemu ndo nataka tuifungue hapa.

Kwanza tutenganishe uonevu na utani, maana sisi watu wa kusini utani upo damuni. Mjukuu na babu yake, mabinamu, Myao na Mngoni, mtu anakutukana mchana kweupe na unacheka. Lakini utani una sheria zake na kila mtu anazijua hata kama hazijaandikwa popote: na mimi naweza kukurudishia, ukiniona nimeumia kweli unaacha, na siku nimefiwa wewe mtani wangu ndo unakuja kushughulika. Uonevu hauna kurudishiana. Yule msomi ambaye ndo kama alianzisha utafiti wa haya mambo, Dan Olweus, Mswidi aliyefanya kazi zake nyingi Norway tangu miaka ya 1970, aliweka vitu vitatu: iwe makusudi, iwe inajirudia, na nguvu ziwe hazilingani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wavulana watatu kule kaskazini mwa Norway walijiua baada ya kuonewa na wenzao na serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima, na Olweus ndo akatengeneza mpango wa kutumia mashuleni. Kwa hiyo siku hizi mwalimu akiniambia "walikuwa wanataniana tu" namuuliza swali moja, yule mdogo anaweza kumrudishia mwenzake na maisha yakaendelea? Kama hawezi basi huo sio utani, hata kama wote wawili walikuwa wanacheka, maana anayeonewa anachekaga pia, anacheka ili iishe haraka.

Na sio jambo la watoto wachache. UNESCO walitoa ripoti mwaka 2019 iliyokusanya takwimu za nchi nyingi, na karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu, asilimia 32, alisema ameonewa na wenzake shuleni angalau siku moja ndani ya mwezi uliopita.

Sasa umri. Huko Marekani wana shule zao za kati, sisi hatuna, lakini watoto ni walewale, miaka 11 mpaka 14, kwetu ni kuanzia darasa la tano hadi form two. Kwanini hapo? Miili inakua bila mpangilio, wewe una miaka 13 una sharubu, mwenzako wa 13 anaonekana wa darasa la tatu. Na ndo umri ambao mtoto anaacha kutafuta macho ya mwalimu anaanza kutafuta macho ya wenzake. Alafu kuna kuhama shule. Mtoto alikuwa mkubwa darasa la saba, kaka mkuu pengine, Januari anaingia form one anakuwa njuka, yuko chini kabisa, hamjui mtu, na waliomtangulia wanataka ajue yuko chini. Watafiti waliowafuatilia watoto Marekani, Pellegrini na Long, waliona kabisa ubabe unapanda pale watoto wanapoingia shule mpya na kushuka baadaye kila mtu akishajua nafasi yake. Yaani ubabe ule ni njia ya kugawana vyeo. Ukishaelewa hivo utaelewa kwanini kumwambia mbabe "acha tabia mbaya" hakusaidii, kwa sababu yeye haoni tabia mbaya, anaona cheo kinachomlipa.

Na kinamlipa kweli. Mimi nilikulia kwenye imani kwamba mwonevu ndani yake ana woga, anajiona duni, anajificha nyuma ya ngumi. Olweus alipima hilo akakuta kwa wengi sivyo, wengi wao hawana wasiwasi zaidi ya wenzao na wanajiona wako sawa tu. Alafu mwaka 2003 Jaana Juvonen na wenzake walitoa utafiti wa watoto karibu 2,000 wa darasa la sita huko Los Angeles, wakakuta waonevu ndo wenye hadhi kubwa kuliko wote machoni pa wenzao. Wale walioonewa walikuwa wapweke na wenye huzuni. Kwa hiyo mbabe wa darasa mara nyingi sio yule mtoto aliyetengwa huko nyuma, ni yule ambaye kila mtu anataka akae naye, anajua kuongea na walimu, amepewa ukiranja, na mzazi ukienda kulalamika unaambiwa haiwezekani, yule ni mtoto mzuri sana.

Nilienda shuleni kwake siku moja saa nne nikasimama kwenye mwembe karibu na uzio, nikijifanya namsubiri mwalimu. Kuna bomba moja na foleni ya madumu, kila dumu limeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi. Mvulana mmoja akaja, hakusema kitu, akasukuma dumu moja la njano kwa mguu wake taratibu mpaka likatoka kwenye foleni, likaanguka. Nilichokiona mimi na sitakisahau ni kwamba hakumwangalia mwenye dumu. Aligeuka nyuma kuangalia watu. Na watu wakampa alichokuja kuchukua, wawili wakacheka kwa sauti, mmoja akapiga mluzi, wengine kama watano wakasogea pembeni kidogo wakatazama chini, mwenye dumu akabaki ameshika mfuniko. Alafu binti mmoja mrefu, bila kugombana na mtu, akaokota lile dumu akalirudisha mahali pake akasema "foleni hii jamani." Ikaisha. Yule mvulana akaondoka zake kama hamna kilichotokea.

Kanada, Debra Pepler na wenzake walirekodi kabisa watoto kwa kamera viwanja vya shule, na matokeo yaliyotoka mwaka 2001 yanaendana na kile nilichokiona bombani. Katika asilimia 88 ya matukio kulikuwa na watoto wengine wanaotazama. Mtoto mwenzao aliingilia katika asilimia 19 tu. Lakini pale walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo, asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Sekunde kumi! Kule Turku, Finland, Christina Salmivalli naye alionyesha tangu 1996 kwamba darasa zima lina majukumu: yupo anayeanza, wapo wanaomsaidia kushika mikono, wapo wa kucheka na kushangilia, wapo wa kutazama pembeni, yupo mtetezi, na yupo anayeumizwa. Mpango wao wa shule unaoitwa KiVa haukimbizani na mbabe peke yake, unafanya kazi na wale wa pembeni, kwa sababu kicheko ndo mshahara na wao ndo wanalipa.

Na wale wa pembeni msiwalaumu haraka. Niliwauliza baadhi. Wanaogopa kuitwa wanoko, wanaogopa kwamba kesho foleni itakuwa ya dumu lao, na kuna wengine hawajui kabisa kwamba mwenzao pia hapendi, kila mmoja anadhani ni yeye tu anayeumia moyo na wengine wote wanafurahia.

Sasa turudi kwenye swali langu, kwanini yeye. Ukiwauliza watoto walioonewa, sababu ya kwanza wanayoitaja ni muonekano, hata ripoti ya UNESCO inasema hivo. Bonge, kimbaumbau, mweusi sana, masikio, sare iliyopauka, viatu vya kaka yake. Kijana wangu alikuwa anachekwa anavyosema "ntu" badala ya "mtu", lafudhi ya nyumbani kabisa, yaani hapahapa Mtwara mtoto anachekwa kwa kuongea kama bibi zetu sote wanavyoongea. Lakini Olweus alipochunguza vitu kama miwani na rangi ya nywele hakukuta kwamba ndo vinavyowatofautisha wanaoonewa, na hili lilinichanganya sana mpaka nilipoangalia darasa lenyewe. Watoto wanaosema "ntu" wako kumi mle ndani. Mabonge wako sita. Wanaoonewa ni wawili. Kwa hiyo alama ile inatumika kama kisingizio, mlango umefunguka kwingine. Mlango ni upweke. Mtoto mgeni, hana rafiki wa kwenda naye chooni wala wa kurudi naye, mwenye wasiwasi, anayelia haraka au anayewaka hasira haraka mpaka inakuwa sinema, huyo ukimgusa hakuna atakayeuliza. Utafiti mmoja wa mwaka 1999 wa Hodges na wenzake ulionyesha kwamba kuwa na rafiki wa karibu, hata mmoja tu, kunavunja ule mduara ambao mtoto anaonewa, anajifungia, anaonewa zaidi kwa sababu amejifungia. Hapo ndo ugumu wa hii mada ulipo, maana woga na upweke ni sababu na ni matokeo kwa wakati mmoja, ukimkuta mtoto mwaka wa pili wa kuonewa utasema "si unamuona alivyo mnyonge" wakati unyonge huo umetengenezwa.

Niseme hapa kwamba kwa watoto wenye ulemavu mambo ni mazito zaidi, wao hatari yao ni kubwa kweli, sio kisingizio tu, na mtoto mwenye kigugumizi au asiyesikia vizuri mara nyingi ndo hana hata njia ya kwenda kusema.

Kingine kinachouma ni kwamba mtoto anaanza kukubaliana nao. Kijana wangu nilipomuuliza kwanini hukuniambia alijibu, "Mimi ndo nilivyo mjomba." Graham na Juvonen waliandika kuhusu hilo mwaka 1998, kwamba mtoto anayesema "ni kwa sababu nipo hivi nilivyo" anaumia kuliko anayesema "leo nilipita njia mbaya", kwa sababu njia unaweza kubadilisha, jinsi ulivyo utaibadilishaje. Na sisi kumwambia "usiwe legelege" tunampigia muhuri palepale.

Nyumbani. Huku lazima tuwe wakweli. Mwaka 2013 Lereya na wenzake walijumlisha tafiti 70 zenye watoto zaidi ya 200,000 wakakuta ukali wa kupiga na kudhalilisha nyumbani unahusiana na mtoto kuonewa shuleni, na zaidi sana na kuwa yule anayeonewa na kuonea kwa pamoja. Watu wanadhani ngumi za nyumbani zinazaa mbabe tu. Hapana, zinazaa pia mtoto anayeshusha macho kabla hujamgusa, na watoto wenzake wanayaona hayo macho haraka kuliko sisi. Na cha kushangaza, kumlinda mtoto kupita kiasi nako kulionekana kunahusiana na kuonewa, ingawa kwa kiasi kidogo, yaani mama anayesemea kila kitu, mtoto hajawahi kugombana na binamu akapatana mwenyewe. Na hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wasichana asilimia 72 na wavulana 71, walipigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kufika miaka 18, na wapigaji wakubwa walikuwa ndugu na walimu. Mtoto anayeishi hivo amefundishwa na watu anaowapenda kwamba mwenye nguvu ana haki.

Shule nayo nitaikalia muda, kwa sababu naona ndo tunapokwepa zaidi. Wazazi wengi tunasema madarasa yamejaa, na kweli tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wameingia wengi, ni jambo jema na limeleta msongamano. Olweus hakukuta kwamba ukubwa wa darasa unaongeza uonevu, lakini alikuwa anapima madarasa ya Skandinavia, sio yetu ya watu 80 na 90, kwa hiyo mimi siwezi kulibeba jibu hilo lilivyo. Alichokikuta kingine nakibeba moja kwa moja: kadri walimu wanavyokuwepo uwanjani wakati wa mapumziko ndivyo matukio yanavyopungua. Macho. Bomba, vyoo vya nyuma, njia ya kurudi, na kwa wale wa sekondari za kata wanaopanga geto kwa sababu nyumbani ni mbali, chumba cha vijana wanne wenye miaka 14 bila mtu mzima. Ukichora ramani ya shule ukaweka alama sehemu ambazo mwalimu wa zamu hafiki, umechora ramani ya uonevu.

Alafu kuna karatasi. Hii ya wapiga kelele. Nilikaa nayo kichwani siku nyingi. Mwalimu hayupo, kiranja anaandika majina, mwalimu anarudi, walioandikwa wanachapwa, hakuna kuuliza. Sasa fikiria umempa mtoto wa miaka 13 kalamu na kila jina analoliandika linapata fimbo. Umempa duka. Anauza kutoandikwa. Ushuru wa korosho haukusimama kwenye ngumi za yule kijana, hakuwa hata na mwili mkubwa kihivyo, ulisimama kwenye fimbo ya mwalimu, hiyo ndo ilikuwa mtaji wake. Na kanuni za adhabu ya viboko zipo, mkuu wa shule au mwalimu aliyemuidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu. Mimi binafsi ningependa viishe kabisa, lakini hata anayevitaka, hamna kanuni inayosema ushahidi ni karatasi ya kiranja. Na ukimkamata mbabe ukamchapa mstarini mbele ya wote, darasa limejifunza somo lilelile kwamba mkubwa ndo anapiga, na yeye anarudi bombani akitafuta nani alimchoma.

Jamii yetu ya huku ina ya kwake. Likizo za mwezi wa sita na wa kumi na mbili watoto wanaenda jandoni na unyagoni, wanarudi wakubwa, na yule ambaye bado anaitwa msungo, hakai na wenzake, hasikii stori, kila neno asilolielewa linachekwa. Sisemi mila ndo mbaya, mimi mwenyewe nimepita, na mle ndani tulifundishwa kumheshimu mtu, lakini mtu mzima akiwaacha waliorudi na wasioenda peke yao wiki ya kwanza ya shule, ubaguzi unajizalisha. Na hela za msimu pia. Minada ikilipa, darasani kuna viatu vipya na saa, wiki hiyohiyo kuna mtoto ambaye kwao hawana hata mche mmoja wa mkorosho. Tofauti ambayo mwezi wa nane haikuonekana, mwezi wa kumi na moja inang'aa.

Kwa wasichana mara nyingi hutaona ngumi, ndo maana tunadhani wao hawaonewi. Wanahama benchi. Wanaacha kuongea anapoingia. Kuna binti wa jirani, form two, waliandika jina lake ukutani chooni pamoja na la mwalimu, uongo mtupu, na jioni picha yake ikawa stika kwenye grupu la WhatsApp, simu za wazazi hizohizo tunazowaachia "nifanyie homuweki". Zamani uonevu ulikuwa unaishia getini, nyumbani unapumua. Yule binti alikuwa analala nao. Aliomba kuhamishiwa Lindi kwa shangazi yake na hakusema sababu mpaka mama alipoikuta stika mwenyewe.

Na yule kiranja? Nilimchukia, sitadanganya. Mwalimu wa malezi ndo aliyenieleza baadaye. Korosho hakuwa anakula, alikuwa anazipima kwenye kikopo anauza stendi, na hela inaenda kwa vijana wakubwa wa mtaani kwao waliokuwa wanamngoja jioni na ushuru wao. Nyumbani anakaa na kaka, anachapwa kwa waya. Ndo kundi lile la tatu, wanaoonewa na kuonea. Mwaka 2010 Cook na wenzake walipitia tafiti 153 na kundi hilo ndo lilionekana lina hali ngumu kila upande, nyumbani, masomoni, na kwa marafiki. Ukimfukuza shule huyu unakuwa umempeleka moja kwa moja kwa wale wa jioni.

Kilichofanyika pale shuleni hakikuwa kikubwa. Karatasi ya majina ilifutwa. Mwalimu wa zamu anasimama bombani saa nne, dakika ishirini tu. Hawakuwaita wawili wakapeane mikono mbele ya darasa, na nashukuru, maana kupatanisha kunafaa waliogombana wakiwa sawa, huyu alikuwa mlipaji na yule mkusanyaji, ungemlazimisha aliyeumia asamehe huku anatetemeka. Kila mmoja aliongea na mwalimu kivyake, mara kadhaa. Yule binti mrefu na wenzake wawili waliombwa kimyakimya tu wawe wanarudi njia moja na kijana wangu. Na kwa yule kiranja walishirikisha ustawi wa jamii, kesi yake bado inaendelea kwa hiyo naishia hapo. Kama mtoto hana mtu wa kumwambia pale shuleni kwenu, namba 116 ni ya bure, simu ya watoto, anaweza kupiga hata yeye mwenyewe, mwekeeni kwenye daftari.

Mimi nimebadilisha swali. Nilikuwa namuuliza "leo wamekuonea?" na jibu lilikuwa hapana kila siku, hata siku alizokuja bila vifungo. Sasa namuuliza saa nne ulikaa na nani. Miezi ya mwanzo alikuwa anajibu "na watu tu." Juzi amejibu kwamba alikaa na mgeni mmoja ametoka Nanyamba, hamjui mtu, na yeye pia anasema "ntu". Alafu akaniomba shilingi 400 badala ya 200.